Vigae vya Kisiwani Biliqo

Kama umetoka kula sasa hivi, weka kisa hiki kando, urudi tumbo likishatulia. Sitaki lawama. Mimi mwenyewe kila nikikisimulia, chai hunipoea mkononi.

Ilikuwa themanini na nne, mwaka wa ukame, ng'ombe wanakufa kando ya barabara na Isiolo nzima inaamka na madebe kutafuta maji. Katika mji huo mkavu, nyumba moja ya mtaa wa Bulla Pesa ilikuwa na mtungi usiopungua. Asubuhi unachota, mchana unachota, kesho yake umejaa mpaka shingoni. Mama mwenye nyumba, jina lake Nurto, alimshukuru Mungu akanyamaza, maana baraka ukiitangaza majirani wanakuja na ndoo. Kisha asubuhi moja alitia kata akaona maji yameshika utando, kama maziwa yaliyolala. Akainua kata. Utando nao ukainuka, mrefu, mzito, ukaning'inia bila kukatika.

"Fosia!" akamwita bintiye wa pekee, mtoto wa miaka tisa. "Nani ametema makamasi kwa maji?"

"Hakuna mtu, hooyo," mtoto akajibu, maana kwa Wasomali mama ni hooyo. Akachungulia ndani ya mtungi, akapitisha ulimi kwenye midomo. "Lakini iko tamu hivyo."

"Wewe umekunywa hii?"

"Kila siku."

Nurto aliumwaga ule utando uani. Kuku walikimbilia, wakadonoa mara moja, wakarudi nyuma wakipangusa midomo mchangani. Kuku, ndugu yangu, ambao hula mavi! Hapo mtu mwenye akili angeshtuka. Yeye aliusugua mtungi kwa majivu akaurudisha pembeni, kwa sababu alikuwa ameufinyanga kwa mikono yake mwenyewe na aliupenda.

Ngoja nikwambie alikuwa mtu gani. Jamaa zake ni wale Wasomali ambao babu zao waliletwa na Mwingereza wakiwa askari, vita vikaisha, wakabaki Isiolo wakafungua maduka na kununua malori. Watu wa namna hiyo hawashiki tope. Nurto alipoanza kufinyanga, mashangazi walishika vichwa. "Mume wako ana lori," walimwambia, "wewe unacheza kwa matope kama bata?" Aliendelea kufinyanga. Alikuwa na shingo ngumu, na mikono yake ilikuwa na akili kuliko mdomo wake.

Ugonjwa huo wa udongo ulimpata sabini na tatu, akiwa bibi harusi bado, lori la mumewe Hersi lilipovunjika ekseli huko kabla ya kufika Merti, wakakaa kijijini Biliqo wakingoja spea. Katikati ya mto Ewaso Nyiro palikuwa na kisiwa. Wengine walikiangalia wakaona mbu. Nurto aliona miti ya mikoma imeinamia maji, kenge wamelala juu ya mizizi, korongo wamesimama kwa mguu mmoja, konokono wamebanana ukingoni, kambare wanavuta pumzi topeni kama wazee wenye pumu. Alikaa ukingoni kutwa nzima akiangalia kenge akimeza yai. Hersi alipokuja kumwita chakula alimkuta ana bonge la udongo mkononi, na kwenye bonge hilo kuna kenge.

Tangu hapo hakufinyanga kitu ambacho hakikutoka kwenye kile kisiwa. Mitungi yake ilikuwa na shingo za korongo. Vyetezo vyake vya ubani vilikaa kama matunda ya mkoma, bakuli zake zilijikunja kama konokono, na juu ya mifuniko kenge walilala, ukiwashika unahisi watakukwaruza. Kila Hersi akienda Merti, Nurto alipanda naye, aketi ukingoni, arudi na magunia ya udongo. Waweru, mwenye duka la barabarani ambako Wazungu walisimama wakienda kutazama wanyama, alivipanga vitu vyake dirishani. Mashangazi wakanyamaza. Miaka ikaenda hivyo, na kusema kweli ilikuwa miaka mizuri.

Sasa ukaja ule ukame. Mto ulikonda mpaka Nurto akavuka kwa miguu, maji yakimfika magotini, akafika upande wa pili wa kisiwa ambao hakuwahi kuuona. Akakuta udongo mweusi unaoelekea buluu, laini kama samli. Udongo laini namna hiyo hupasuka ukichomwa, kila mfinyanzi anajua. Dawa yake ni kusaga vigae vya vyungu vikuukuu na kuchanganya, ndipo unaposhikana. Na vigae vilikuwa pale pale! Vimetapakaa mchangani, vizee, vyekundu, kana kwamba kuna mtu alimwekea. Mafuriko ya miaka na miaka yalikuwa yameshasawazisha kila kitu, hapakuwa na rundo la mawe la kumwambia mtu kwamba hapa amelala mtu.

Mchungaji mmoja wa Kiborana, Yattani, alikuwa ng'ambo akimwangalia anavyojaza gunia.

"Mama, hapo sisi hatunyweshi ng'ombe," akamwambia.

"Kwa nini?"

"Hatunyweshi tu. Baba hakunywesha, babu hakunywesha. Hata saa hii ng'ombe inakufa, hatunyweshi."

"Mimi si ng'ombe," Nurto akacheka, akaendelea kuokota. Sikio la kufa, wanasema, halisikii dawa.

Nyumbani alivitwanga vile vigae kwenye kinu, akachekecha, akachanganya na udongo ule kwa miguu, Fosia akimsaidia kukanyaga na kucheka. Akafinyanga mtungi mkubwa wa nyumbani na vyungu vidogo vya Waweru. Siku ya kuchoma, moshi ulitoka mzito na harufu ya nywele zinazoungua. Gacheri, jirani yao Mmeru anayeuza mboga sokoni, alitokeza kichwa juu ya ua.

"Mama Fosia, unachoma nini? Mbuzi imekufa huko?"

"Ni samadi tu, imelowa."

"Samadi gani inanuka hivyo! Ngai, hata sukuma yangu itanuka."

Hiyo ndiyo asili ya mtungi usiopungua. Sasa turudi kwenye utando.

Siku chache baadaye Waweru alikuja na katoni, amelishika mbali na tumbo lake kama mtu aliyebeba kinyesi cha mgonjwa.

"Habari ya hapa, mama Fosia. Mimi nimerudisha hizi."

"Kwani hazitoki?"

"Zitatoka aje na zinatoa jasho? Mzungu ameshika moja, ameangalia mkono yake, amenusa, ametapika kwa mlango yangu. Kwa mlango, mama!" Akafungua katoni. Katoni lenyewe lilikuwa kavu, lakini kila chungu ndani kilikuwa na maji ya kijivu yamefika nusu, na ndani ya maji zilielea nywele, ndefu, zimejikunja. "Mimi sijatia maji. Mungu ananiona. Na kwangu nyumbani hakuna mtu iko na nywele kama hii."

Akaondoka akijipangusa mikono kwenye suruali, akaipangusa tena ukutani, akaipangusa tena kwa mchanga. Nurto alilifunga katoni akalisukuma nyuma ya mlango wa stoo. Aliketi juu ya kinu chake akaanza kuhesabu mambo aliyokuwa akiyapita kwa makusudi, na yote yalimrudisha kwa mtoto.

Maana Fosia alikuwa anabadilika. Vidole vyake vilikuwa vimekunjamana na kuwa vyeupe nchani, kama vya mwanamke aliyefua nguo kutwa, na havikukauka hata akikaa juani. Nywele zake zilikuwa majimaji kila wakati. Ukimshika mkono, ngozi iliteleza kidogo juu ya nyama. Chakula hakukitaka. Alitaka maji ya mtungi tu, na hakutumia kata tena: alipiga magoti, akaweka mdomo kwenye ukingo, akafyonza. Nurto aliufunika kwa sinia, mtoto akalia usiku kucha mpaka mama akaufunua. Hospitalini walimpa dawa ya minyoo. Hersi aliita watu wakasoma Kurani nyumba nzima, na waliposoma mtoto alikaa vizuri akaitikia amina, na walipoinuka kwenda zao alirudi kwenye mtungi kwa magoti.

Isiolo baada ya adhuhuri mji hulala, hata mbwa hana habari. Mchana mmoja wa namna hiyo Nurto alirudi kutoka dukani akamkuta Fosia amelala mkekani, ubavu wa kulia, uso kibla, amenyooka kama ubao. Mtoto huyu alikuwa analala amejikunja tangu azaliwe. Nurto akatazama miguu. Vidole gumba vya miguu vilikuwa vimefungwa pamoja kwa utepe wa kitambaa cheupe, fundo zuri, la mtu mwenye mazoea.

Akalifungua fundo. "Nani amekufunga?" akanong'ona.

"Ni yule mama."

"Mama gani?"

"Wa mtungi. Ananiambia nisijikunje." Mtoto alikuwa akizungumza kwa sauti ya puani, kama mwenye mafua. Nurto akamwinua kidevu. Ndani ya kila tundu la pua kulikuwa na pamba, imesukumwa ndani sana, imelowa. Akaivuta. Ilikuja ndefu, ndefu zaidi ya vile pua ya mtoto inavyoweza kubeba, na mwisho wake ulikuwa na rangi ya manjano. "Usitoe, hooyo. Atakasirika. Akimaliza kuniosha anatia tena."

"Anakuosha na nini, Fosia?"

Mtoto akatoa ulimi, akauonyesha kwa kidole.

Mama mwingine angembeba mtoto akimbie. Nurto naye alitaka, wallahi alitaka, lakini alipomnyanyua tu Fosia alianza kuhema kama kambare aliyetolewa majini, macho yakampinduka, na hakutulia mpaka aliporudishwa mkekani karibu na ule mtungi. Alikuwa ameshafungwa nao. Basi Nurto akamtuma Gacheri akamtafute Hersi gereji, yeye akajificha nyuma ya pazia la chumba, kitambaa mdomoni, angalau amjue adui yake.

Hakungoja sana. Kwanza alisikia sauti, ile ya mzee anayekunywa chai ya moto kwenye kisahani, fyuu, anapumzika, fyuu, halafu harufu ikaja, ya majani ya mkunazi na kafuri na chini yake kitu kilichooza kikawa kitamu, na kutoka shingoni mwa mtungi kikatoka kitu kimoja cheupe, chenye utelezi, mfano wa kondo la nyuma la ngamia, hakina jicho wala mfupa, kikajivuta sakafuni kikiacha njia ya ute, kikafika kwenye nyayo za mtoto, na hapo ncha yake ikatandazika ikawa ulimi, ulimi mpana wenye chunusi, ukaanza kulamba, polepole, kama kwa upendo, kidole baada ya kidole, ukiingia katikati ya vidole, ukipanda kifundoni, ukipanda gotini, na kila ulipopita ngozi ya mtoto ilibaki nyeupe imekunjamana, na mtoto wake, Fosia wake, alikuwa anatabasamu.

Nurto alipiga yowe. Kitu kikarudi mtungini kwa mfyonzo mmoja, kama makamasi yanavyorudi puani. Papo hapo Hersi aliingia anakimbia, mafuta ya gari mikononi, Gacheri nyuma yake. Hakuuliza. Aliona mkewe anaunyooshea mtungi kidole, akachukua sururu iliyokuwa mlangoni, akaupiga kwa nguvu zake zote.

Mtungi ulipasuka. Maji hayakumwagika kama maji. Yalibaki yamesimama kwa umbo la mtungi kwa muda wa kupepesa jicho, halafu yakaanguka kwa pamoja, pwaa, kama matumbo ya mbuzi. Ndani yake kulikuwa na nywele, na kucha, na mapamba, na majani ya mkunazi yaliyogeuka meusi. Sakafu ikanywa yote. Gacheri alitapikia leso yake.

"Imekwisha," Hersi akasema anahema. "Alhamdulillahi, imekwisha."

Mkekani, Fosia alitoa pumzi ndefu. Hakuvuta nyingine. Taya likamwanguka, macho yakabaki nusu wazi. Nurto alimrukia, akamtikisa, akamwita kwa majina yote aliyomwita tangu utotoni. Gacheri alitia sikio kifuani mwa mtoto, akakaa hapo muda, machozi yanamtiririka. "Inapiga," akasema kwa sauti ya chini. "Lakini inapiga mbali, kama mtu iko ndani ya kisima."

Ni ile harufu iliyomzindua Nurto. Mkunazi na kafuri. Katika Isiolo yote alimjua mtu mmoja tu ambaye nguo zake zilinuka hivyo, na watu hawakupenda kuketi karibu naye harusini. "Mlete Eddo Asho," akamwambia mumewe. Eddo ni shangazi. Asho hakuwa shangazi wa damu, alikuwa mwosha maiti za wanawake, bibi mfupi mwenye mdomo mkali, na kila mwanamke Mwislamu wa mji ule alijua kwamba siku moja atapita mikononi mwake.

Hersi alimleta kwa lori. Aliingia bila kuvua viatu, akaokota kigae kimoja, akakinusa, akakitemea mate.

"Udongo huu mmetoa wapi?"

Nurto akamwambia: kisiwani Biliqo, upande wa pili, na vigae alivisaga.

"Ukavisaga." Asho alifumba macho kidogo. "Sikiliza, mwanangu. Zamani sana gonjwa la kuhara lilishuka na mto ule. Wagonjwa wakahamishiwa kisiwani, wakafia huko, wakaoshwa huko. Na kila chungu kilichoosha maiti kilivunjwa juu ya kaburi, ili mtu asije akanywea. Hiyo ni desturi yetu waosha maiti kabla hata babu zenu hawajaletwa. Sasa, kuna jini ambalo chakula chake ni maji ya josho la maiti. Kazi nyingine halina. Lilishiba kisiwani, likalala ndani ya vile vigae, likaamka na njaa. Wewe ukalitwanga kwa kinu ukalileta nyumbani."

"Na mtoto?"

"Lilikuwa linamtayarisha. Lingemlamba mwaka mzima na lisimpate, kwa sababu josho haliwi josho mpaka chungu kivunjwe. Chungu kikivunjwa ni kusema tumemaliza kuosha, mchukueni." Akawatazama wote watatu. "Nani amevunja?"

Hersi aliangalia sururu iliyokuwa bado mkononi mwake. Akaiweka chini taratibu sana.

"Eddo, wallahi sikujua."

"Sikujua, sikujua! Mimi kila wiki naosha watu wa sikujua." Lakini alipiga magoti akamgusa mtoto paji la uso, na mkono wake ulikuwa mpole. "Kabla ya magharibi atakuwa ameondoka. Josho limeshatangazwa, halirudi nyuma. Jini linataka maiti wake. Lipewe huyu, au lipewe mwingine."

"Mimi," Hersi akasema.

"Lilitayarisha wa kike, litapokea wa kike. Na mimi sioshi wanaume."

Nurto alikuwa ameshavua shungi. Hakuna aliyemwambia avue. "Nitakufa?" akauliza.

"Utakula, utatembea, utazaa ukitaka. Lakini utakuwa umeoshwa. Litakuwa na wewe, litajua wewe ni maiti wake, na litatulia. Maji yake mengine yapo?"

Lile katoni la Waweru likaletwa kutoka stoo. Hersi alitolewa nje, hapa si mahali pa mwanamume. Gacheri alirudi nyuma mpaka mlangoni, akaganda hapo akimwomba Mungu wake kwa Kimeru, na mimi simlaumu. Nurto akalala mkekani ubavuni mwa bintiye. Asho akamfunika shuka, akamnyoosha, akamfunga vidole gumba vya miguu, akamtia pamba.

"Sharti ni moja," akamnong'oneza sikioni. "Maiti hana kinyaa. Likikugusa usijikunje. Likiingia mdomoni usiteme. Ukitapika, litajua uko hai, litarudi kwa mtoto na mimi sitakuwa na la kufanya. Umesikia? Meza kila kitu."

Akamimina chungu cha kwanza. Maji yalikuwa baridi na mazito, yakapita usoni kama yai bichi, nywele za watu waliokufa zikanasa kwenye kope zake na kwenye pembe za mdomo, naye akatulia. Akamimina cha pili. Ndipo aliposikia ile sauti, fyuu, na kitu kikamshika wayo, kikaanza, kidole baada ya kidole, na hakikuwa na haraka, kilimlamba kama ng'ombe anavyolamba ndama mgeni, kikapita magotini na mapajani, kikatia ncha kitovuni kikazungusha, kikaingia kwapani kikakaa hapo kikifyonza jasho la hofu yake, na nyongo ya Nurto ikapanda mpaka nyuma ya meno, akaimeza, kikamfika shingoni, kikamfika kidevuni, akasikia pumzi yake, kwa kuwa kilikuwa kinapumua, pumzi ya kaburi lililofukuliwa na fisi, kisha kile kitu kikafungua midomo yake kwa upole kama mama anayemlisha mtoto, kikaingia, kikaupapasa ulimi wake kwa ulimi wake, kikapita fizi, kikapita kilimi, kikashuka kooni kikiwa kizito na chenye chumvi, na mwili wake wote ulikuwa unapiga kelele kitoke, kitoke, naye akawaza kifua cha Fosia kinachopiga mbali kama mtu aliye kisimani, akameza, akameza tena, akameza mpaka kikaisha.

Asho akaokota chungu cha mwisho, kile chenye kenge mfunikoni, akakivunja sakafuni.

Fosia alikohoa. Akajikunja kama alivyozoea tangu azaliwe, akalia, akasema ana njaa. Gacheri alipiga vigelegele vilivyosikika mpaka sokoni, na Hersi aliingia bila ruhusa ya mtu akaanguka juu ya mtoto wake analia kama mwanamke, hajali nani anamtazama.

Nurto aling'oa pamba puani, akafungua miguu, akainuka. "Fosia," akasema. "Njoo, mama. Njoo kwangu." Mtoto aliruka kutoka kwa babake, mikono wazi, anakimbia. Alipofika karibu alisimama ghafla. Uso ukamgeuka. Akatapika, pale pale, mbele ya miguu ya mamake.

Wakasema ni uchafu wa jini unatoka. Nurto aliogea sabuni mpaka ngozi ikachubuka. Alijifukiza udi, alijipaka mafuta mazuri, alibadilisha nguo zote akachoma za zamani. Hersi alimnusa nywele akaapa kwamba hanuki kitu. Gacheri alimnusa mikono, hata Waweru aliitwa akanusa, akasema mama huyu ananuka sabuni tu. Lakini mtoto alisikia harufu yake Nurto akiwa bado uani, akaziba pua, akaanza kulia huku anaomba msamaha. "Si kupenda kwangu, hooyo. Wallahi si kupenda kwangu." Chakula alichopika Nurto hakikushuka. Nguo alizofua Nurto hazikuvalika. Mtoto aliyepona akaanza kukonda upya, kwa njaa, nyumbani kwao.

Walimwendea Asho. "Sisi hatuna pua ya huko," yule bibi akasema. "Mtoto alifika mlangoni mwa wafu. Anakunusa vile ulivyo."

Hersi alikwisharudisha vigae vyote kisiwani, hata vumbi la kinu alilizoa. Haikusaidia. Basi wakaafikiana kwamba Fosia aende akakae Kulamawe kwa dada yake Hersi, ale, asome, awe mtu.

Asubuhi ya safari, lori lilisimama mbele ya nyumba, injini inanguruma. Fosia alikuwa amekaa juu ya magunia. Alimwona mamake amesimama mlangoni, akasahau kila kitu, kama watoto wanavyosahau. "Hooyo!" akalia, akanyoosha mikono. "Hooyo, njoo!"

Nurto alikwenda. Alikwenda mbio, kiatu kimoja kikabaki mlangoni, akafika ubavuni mwa lori, akainua mikono yake juu. Mtoto aliinama kuishika, akaishika kweli, kisha akatapika. Chai na mkate wa asubuhi vyote vilimwagika juu ya viganja vya mamake, na bado mtoto hakutaka kumwachia, anatapika na anamng'ang'ania, anatapika na anamwita, mpaka akawa hapati pumzi.

Nurto ndiye aliyeichomoa mikono yake. Akarudi nyuma kidogo. Akamtazama mtoto, akaona bado anahangaika kuvuta hewa, akarudi nyuma tena, akapita mlango wake, akapita ua wa Gacheri, akaendelea kurudi nyuma huku amemkazia macho, mpaka alipofika umbali ambao Fosia aliweza kulia vizuri. Hapo akasimama, akampungia mkono, na Hersi akaondoa lori.